Bata wa Mbao na Rafu Iliyojaa

Jumatatu, 3 Novemba

Asubuhi mbaya. Sista ametoka ofisini kwake na simu mkononi na uso wa mtu aliyeambiwa jambo. Mgeni wa makao makuu anakuja Ijumaa. Atakagua programu nzima, na ataanza na chumba cha vichezeo.

Chumba cha vichezeo ni changu.

Sista alikuwa muuguzi kabla ya kuwa mkuu wa kituo, na bado anatoa habari zote kwa sauti ya wodini. Kwa sauti hiyo akaniambia kwamba baada ya ziara ndipo itaamuliwa kama nitathibitishwa kazini au nitaagwa. Nikasema asante. Sijui nilishukuru nini.

Kisha akasema kuanzia kesho atakuwa pembezoni mwa mji kupima watoto uzito, atarudi Ijumaa asubuhi. Kituo kinabaki na mimi na Anko.

Nieleze hapa kazi yenyewe, maana mambo yakiharibika nitapenda kukumbuka kwamba yalikuwa na utaratibu. Mzazi mwenye mtoto mdogo anakuja kituoni. Mtoto anapimwa. Mzazi anaazima kichezeo kimoja, anakwenda nacho nyumbani, anacheza na mwanawe na kuzungumza naye, kisha anakirudisha na kuchukua kingine. Anko ndiye anayewaonyesha wazazi namna ya kucheza. Mimi naazimisha. Karani aliyenitangulia alichora kwenye rafu umbo la kila kichezeo kwa rangi nyeusi, kila kimoja mahali pake, ili kisipokuwepo ionekane. Mtu mwenye roho mbaya sana.

Leo nimesimama mbele ya rafu hiyo. Michoro mingi, vichezeo vya kutafuta. Mapengo kila mahali, kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza.

Nikamwita Anko aje aone. Anko ni mtu mnene, watoto wanampanda kama ngazi. Mimi wakiniona wanaingia ndani ya gauni la mama. Akaitazama rafu, akaniambia, Bwana Kufuli, tulia, mapengo hayaumi. Ananiita hivyo kwa sababu nafunga kabati. Ni rahisi kwake. Nani atamkagua Anko? Anagaragara sakafuni siku nzima, na wanaita kazi.

Jioni sikula vizuri. Dada akauliza kama naumwa. Shemeji akasema siumwi, nilizaliwa hivi.

Lakini nina mpango.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango ni huu. Vichezeo vyote virudi kabla ya Ijumaa. Mgeni aingie, akute kila mchoro umekaliwa, asiwe na la kusema. Ila siwezi kuwaambia wazazi kwamba naogopa ukaguzi. Kwa hiyo nimebandika tangazo mlangoni na kupiga simu nyumba hadi nyumba: vichezeo vyote virudishwe mara moja, vinaoshwa kwa dawa. Nani atabishana na usafi? Niliisoma sentensi ile mara kadhaa. Ilikuwa nzuri.

Anko akauliza kama ni agizo la Sista. Nikamjibu kwamba Sista anapenda usafi. Huo si uongo.

Kufikia saa nne watu walikuwa wamejaa barazani. Nikafurahi. Halafu nikaona wamebeba nini. Walikuwa wameleta vichezeo, ndiyo, na pia kila kitu kingine ambacho mtoto amewahi kukishika. Midoli isiyo na macho. Kandambili. Mto. Bibi mmoja alileta sufuria, akasema mjukuu wake haachi kuipiga kwa mwiko, na kama dawa ipo ya bure basi mwanangu usinibague. Baba mmoja aliuliza kama naweza kumwosha na mtoto mwenyewe, maana maji kwao yamekatika.

Sikuweza kukataa. Ningekataa wangeuliza dawa ni ya nini. Nimeosha mpaka vidole vimejikunja kama vya mtu mzee. Anko alikaa karibu na karai akiwafundisha watoto kupuliza mapovu ya sabuni yangu. Kila povu likipasuka walicheka. Mimi nilikuwa naosha, yeye ndiye alikuwa anapendwa.

Jambo moja. Alikuja babu anayelea mjukuu wake, wamebaki wawili tu nyumbani. Alirudisha ile picha ya tembo ya kupanga vipande. Aliifunga ndani ya taulo, vipande vyote vipo. Akauliza, sasa jioni tutafanya nini? Nikamwambia wasubiri kidogo. Akasema haya, mwanangu, asante. Akabaki amesimama kidogo, halafu akaondoka na taulo lake.

Alivyosema asante sikupenda. Pengine ni uchovu tu.

Jumatano, 5 Novemba

Rafu imejaa. Karibu. Kila kitu kimerudi, kisafi, mahali pake, isipokuwa kimoja. Katikati kabisa, usawa wa macho ya mtu wa makao makuu, kuna mchoro mweusi wa bata na hakuna bata.

Ni bata wa mbao mwenye magurudumu. Ukimvuta kwa kamba yake anatikisa mabawa na kulia ka-ka-ka. Yuko kwa fundi cherehani, kwenye nyumba zile za nyuma ya stendi. Alimwazima kwa ajili ya binti yake anayekaribia miaka mitatu na hajasema neno hata moja. Sista alishampeleka hospitali, masikio wakasema mazima. Akamshauri mama azidi kucheza naye na kumtajia vitu, asimkimbize. Muda wa kumrudisha bata ulipita zamani. Mama alikuja kuomba aongezewe. Alikuwa na mkasi mkononi, wa kazi, hakunitishia, lakini nilisema hakuna shida kabla hajamaliza kuomba.

Leo nimekwenda mwenyewe. Fundi hakuinua macho kwenye kitambaa. Aliniambia, kaka, ukimtoa huyo bata humu ndani, usiku utakuja kumbembeleza mtoto wewe. Nikamweleza habari ya dawa. Akasema bata ameshaoshwa, anaogeshwa kila siku, wanaingia karaini pamoja.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilitoa kwenye mfuko lori jekundu, kichezeo kizuri kuliko vyote nilivyonavyo. Nikachuchumaa. Nikatabasamu kama nilivyomwona Anko akitabasamu. Hoja yangu ilikuwa rahisi: mtoto atapenda lori, ataacha bata, nitaondoka.

Mtoto alilitazama lori. Akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akalichukua lori, akampakia bata juu yake, akaondoka nao wote wawili.

Mama yake akacheka mpaka uzi ukakatika. Akasema angalau nimemletea mwanawe usafiri.

Sasa nina mapengo mawili.

Alhamisi, 6 Novemba

Sijui nianzie wapi. Goti linauma.

Usiku nilifikiri, asubuhi nikapata jibu. Mtoto analala mchana. Aliyelala hana kichezeo mkononi. Nikampigia fundi simu, nikamwomba kwa unyenyekevu wote, nikamwambia kazi yangu yote iko kwenye mgongo wa bata yule.  Halafu akasema njoo baada ya chakula cha mchana, akilala mchukue, Jumamosi umrudishe asubuhi na mapema, na akiamka ukiwa naye mkononi, mimi sikujui. Ni mwanamke mwenye huruma. Nilikuwa simjui.

Nilifika. Mtoto hulala chini ya meza ya cherehani, kwenye lundo la vipande vya vitambaa. Mama yake akaninong'oneza kwamba mlio wa mashine ndio unaombembeleza, ikinyamaza anaamka. Kwa hiyo yeye aliendelea kushona na mimi nikaingia kwa magoti. Alikuwa anashona kitu kisicho na mwisho, kipande cha kitambaa hicho hicho kinazunguka, ili nipate nafasi.

Lori nililipata kirahisi. Nikalisukuma nyuma. Ningeondoka hapo ningekuwa mtu mwenye pengo moja na magoti mazima.

Bata alikuwa kifuani pake. Kamba imezungushwa kwenye kifundo cha mkono, tena na tena, kama vile imefungwa na fundi wa umeme. Nikaanza kuizungusha kinyume. Pini ikaniingia gotini. Sikulia. Hilo liandikwe. Mzunguko mmoja ukatoka, wa pili ukatoka. Wa mwisho nikavuta kidogo, gurudumu likasogea.

Ka-ka-ka.

Akafungua macho. Tulikuwa uso kwa uso, mimi na yeye, chini ya meza. Mashine inanguruma juu yetu. Sikuweza kurudi nyuma, tako lilikuwa limegota kwenye pedeli. Alinitazama vile vile kama jana. Akaushika ule mkono wangu, akauondoa kwenye kamba, kidole kwa kidole. Na akasema:

“Yangu.”

Mashine ikanyamaza.

Mama akauliza nani amesema. Nikasema si mimi. Mtoto akarudia, sasa kwa sauti, usoni pangu, “Bata yangu,” na akaendelea kurudia kwa kadiri nilivyokuwa natoka chini ya meza, kana kwamba kila nikisogea inanipasa kuelezwa upya. Mama alikuwa amekaa sakafuni, ameshika mdomo kwa mikono miwili na mikono yenyewe ina chaki. Halafu akaanza kulia. Akamwita jirani. Jirani akaja na mwingine. Mtoto akaombwa aseme tena na akasema tena, ananinyooshea kidole.

Nikachukua lori langu nikaondoka. Hakuna aliyeniona nikitoka.

Ndivyo ilivyo bahati yangu. Mtoto anakaa karibu miaka mitatu kimya, hana neno na mtu, halafu neno la kwanza analolitoa ni la kunikatalia mimi.

Jioni nilimsimulia dada. Aliacha mwiko kwenye sufuria akaniambia nirudie kuanzia alipoamka. Nikarudia. Machozi yakamlengalenga naye. Akasema kesho asubuhi kitu cha kwanza nimwambie Sista. Nikamweleza kwamba haiwezekani, Sista atauliza nilikuwa nafanya nini chini ya meza ya watu. Dada akanitazama, akageukia sufuria yake. Shemeji akauliza kama mtoto huyo anaweza kufundisha wengine kunikatalia.

Ijumaa, 7 Novemba

Imepita. Niandike haraka kabla sijaanza kuikumbuka vizuri kuliko ilivyokuwa.

Mgeni ni mama mfupi mwenye viatu visivyotoa sauti. Hilo peke yake lilinimaliza. Sista alikuwa ameshuka kwenye gari muda huo huo, vumbi mpaka kwenye nyusi, hata maji hajanywa. Wakaja wote wawili moja kwa moja chumbani kwangu. Anko nyuma yao, mtoto mabegani.

Nikafungua mlango. Rafu iling'aa. Vichezeo vyote vimekaa kwenye michoro yao kama wanafunzi mstarini. Pengo moja tu, katikati.

Mgeni alitembea toka mwanzo wa rafu hadi mwisho. Akapitisha kidole. Akanusa kidole. Akauliza kama kuna ugonjwa umeingia. Nikasema hapana, mama, kila kitu ni salama, kila kichezeo kipo, safi, hakuna kilichopotea isipokuwa kimoja ambacho nakifuatilia kwa karibu.

Akauliza, na wiki hii watoto wanachezea nini nyumbani?

Nikasema wanasubiri.

 Nilimwangalia Sista nipate msaada. Sista alikuwa anaangalia rafu kwa namna alivyokuwa akiangalia, nadhani, mgonjwa ambaye jana alikuwa anaendelea vizuri. Akaniuliza polepole ni nani aliyewaambia wazazi warudishe. Nikaanza kueleza habari ya usafi. Anko akasema, kumbe si wewe Sista? Kisha akajitia kumfunga mtoto viatu, na mtoto mwenyewe alikuwa pekupeku.

Mgeni akasema kwamba amekagua vituo vingi na hajawahi kuona rafu iliyojaa namna hii. Sekunde moja nikadhani nasifiwa. Akaendelea: kichezeo kilichoko hapa hakimsaidii mtoto yeyote. Akagusa ule mchoro mtupu wa bata. Akasema hiki kimoja tu ndicho kiko kazini. Kiko wapi?

Sikulazimika kujibu. Ka-ka-ka ilisikika barazani.

Fundi cherehani aliingia na gauni lake zuri, ameshika mkono wa binti, binti anavuta bata. Hakujua kuna mgeni. Alikuja kwa Sista tu, alikuwa hajalala kwa hamu ya kumwambia. Akasema, Sista, msikilize. Msikilize mwenyewe. Lakini mtoto, mbele ya watu wote wale, akafunga mdomo. Mama akambembeleza. Anko akapiga magoti akajaribu kila sauti anayoijua. Kimya.

Halafu akaniona mimi nyuma ya mlango wa kabati.

“Yangu,” akasema. “Bata yangu. Toka.”

Toka ni neno jipya.

Sista alikaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto. Sikuwahi kumwona akikaa kabla ya saa kumi. Mgeni akachuchumaa, akamuuliza mama ilianzaje. Fundi akasema ilianza jana, na huyu kaka, aliingia chini ya meza yangu kwa magoti akawa anacheza naye kugombania bata. Akaliita kucheza. Mgeni akanigeukia. Akasema makarani wengi anaowajua hawakubali hata kuinama.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Goti lilikuwa linanipwita. Nilisema, ni wajibu, mama.

Sista alisema tutaongea kesho.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumeongea. Yaani yeye.

Anajua yote. Fundi alimsimulia mpaka habari ya kamba, kwa kunisifu. Sista alisema mgeni alitaka niagwe, na ni pengo la bata lililoniokoa. Nimeongezewa muda wa majaribio mpaka Januari, mgeni atakaporudi. Sithibitishwi, sifukuzwi. Nimebaki nimening'inia kama shati kwenye kamba.

Kuanzia Jumatatu nitarudisha vichezeo vyote majumbani, kimoja kimoja, kwa mkono wangu. Na katika kila nyumba nitakaa na kucheza na mtoto na mzazi wake kabla ya kuondoka. Nikauliza nitakaa kwa muda gani. Sista akasema mpaka wakusahau. Sikuelewa, lakini sikuuliza tena.

Halafu akaniambia jambo ambalo nimeliandika neno kwa neno, maana nadhani ndilo lenyewe. “Mwanangu, nikipita hapa nikaona rafu tupu, nitajua umefanya kazi.”

Nimelifikiria siku nzima. Siku zote nilikuwa naelewa kinyume. Kumbe wanataka rafu tupu. Wangesema mapema.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeanza na babu. Alifungua mlango akaona picha ya tembo, akamwita mjukuu kwa sauti kama mtu aliyepata wageni kutoka mbali. Tukakaa kwenye mkeka. Mtoto akanipa sikio la tembo nilipange. Nikaliweka mahali pa mguu. Wakacheka wote wawili. Babu akasema mwache, anajifunza, ukubwa si kitu. Mtoto akanishika kidole akakipeleka panapostahili. Mkono wake ulikuwa wa moto na una uji.

Kwa muda hapo sikufikiria Januari. Ni kitu cha ajabu kidogo, sijui niite nini.

Halafu nikakumbuka nyumba zilizobaki. Babu akasema kaa kidogo, bado mkonga. Nikasema nitarudi.

Nyumba ya pili ghorofani, ngazi hazina taa. Ya tatu mtoto aliniuma. Ya nne mama alinikabidhi mtoto akaenda kuteka maji, akakawia, na mtoto akalala juu yangu, nikaogopa kupumua. Miguu imekwisha. Kwa mwendo huu nitafika Januari sijamaliza hata nusu.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemaliza.

Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, nikajilaumu kwa kupoteza siku mbili. Jana jioni vichezeo vilivyobaki nilivitia kwenye magunia, nikavileta nyumbani kwa mkokoteni, nikavisukumia chini ya kitanda changu mpaka vikaenea. Vilivyozidi viko nyuma ya kabati la dada. Nimemwambia ni mali ya ofisi na asiguse. Shemeji kakaa kitandani, kitu kikapiga filimbi. Alinyanyuka tu akaenda kulala.

Asubuhi hii Sista alipita chumbani kwangu. Alisimama mlangoni. Akaitazama rafu, mchoro kwa mchoro, hakuna kitu. Akaniuliza, vyote? Nikasema vyote, Sista. Akaniwekea mkono begani. Mkono wa mtu aliyefarijika. Nilitamani Anko awepo aone.

Jioni simu imelia. Babu anaomba, kama inawezekana, wabadilishiwe picha, mjukuu ameshamweza tembo. Nimemwambia kwa masikitiko kwamba hakuna kilichobaki, vyote viko kwa watoto wenzake. Akafurahi sana kusikia hivyo. Akasema basi watasubiri, na kwamba nimefanya kazi kubwa.

Mgeni na aje hata kesho. Nimeondoa na kalenda ukutani, na kopo la sabuni, visije vikaharibu mwonekano. Rafu yangu sasa haina kitu kabisa, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sidhani kama kuna kituo kingine kilichofikia hapo.